Kabla ya Kumfundisha Mtu Kupumua, Mtembeze

Nyinyi vijana wa kine, kazi yetu ya kutibu viungo kwa mazoezi, mnaomaliza shule mwaka huu, mliniita nije niwaambie maneno machache ya kazi. Nilikuja, nikasema dakika kumi, sauti ikaisha. Mkanipa chupa ya maji na kunipigia makofi ya huruma. Kwa hiyo nimekaa nyumbani na miwani yangu, ninaandika yale niliyoshindwa kuyasema. Nitaandika Kiswahili cha shule, kile ambacho walimu walitupigia fimbo, lakini watu wakifungua mdomo humu ndani nitawaacha waseme jinsi tunavyosema hapa Bunia, na ile "njo" yetu mahali pa "ndiyo".

Msitazamie hekima nyingi. Nimechoka. Mikono hii ilinyoosha migongo na shingo za watu miaka thelathini na moja, na leo inashindwa kufungua kifuniko cha thermos. Nitawaeleza jambo moja tu, la shingo na pumzi, kwa sababu ndilo nililolijua vizuri kuliko mengine, na ndilo nililolikosea vibaya kuliko mengine.

Nilipoanza kazi, dawa ya shingo ilikuwa kuifunga. Mtu akija analia shingo, tunamvalisha minerve, ile kola ngumu, tunamwambia akae nayo miezi miwili. Akirudi, shingo imekauka kama kuni. Wengine tuliwalaza chali, tukawafunga mkanda kidevuni, tukaning'iniza mfuko wa mchanga nyuma ya kitanda ili shingo ivutike. Siku moja kamba ilikatika, mfuko ukaangukia mguu wa mkubwa wetu wa kazi. Mgonjwa alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema maumivu yamepungua. Hatukujua tuandike nini kwenye fishi, karatasi yake ya matibabu.

Aliyenitoa kwenye mambo ya mchanga na kamba ni Muzee Donasiani. Alikuwa kine mbele yangu, mtu mfupi wa Mahagi, anatembea mikono nyuma kama mkuu wa shule anayekagua mistari. Hakupenda maneno mengi. Alinisimamisha kwenye korido, mbele ya benchi la wagonjwa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ule wa shati ya buluu, anapumulia wapi?"

"Kwa kifua, Muzee."

"Hapana. Anapumulia kwa mabega. Angalia ile kamba za shingo."

Nikaangalia. Kweli, kila mtu yule alipovuta hewa, mabega yalipanda na nyama za shingo zikasimama kama kamba za mbuzi anayevuta. Tumbo halikutikisika hata kidogo.

"Sasa hesabu weye mwenyewe," akasema, "toka asubuhi mpaka mangaribi mutu anapumua mara ngapi. Kila mara shingo njo inabeba kifua. Halafu asubuhi anakuya kukuambia shingo imechoka. Itakosa kuchoka?"

Toka siku ile sikuweza tena kuketi kanisani kwa amani. Padri anahubiri, mimi ninahesabu mabega. Na niwaambie nilichokiona, maana hakimo katika madaftari yenu: hapa kwetu watu wengi wanapumulia juu. Mtu aliyekimbia nyumba yake mara mbili, mara tatu, aliyezoea kulala na viatu miguuni, hata akipata kitanda na mlango wa kufunga, pumzi yake inabaki mabegani, tayari kukimbia tena. Unamshika shingo unakuta imekaza kama mti. Unataka kumwambia alegee. Alegee kwa sababu gani?  Nilimfundisha tu kupumua.

Sasa niwaambie habari ya Kavira.

Kavira alikuwa mshonaji. Alitoka Butembo na kaka yake Paluku, wakapanga nyumba mtaa wa Mbunya, akaweka mashine yake ya kukanyaga kwa mguu barazani, akashona sare za shule. Mwembamba, mdomo mwepesi, macho ya kumpima mtu kiuno kabla ya kumsalimu. Alifika kwangu akiwa ameushika mkono wake wa kushoto kama mtoto mchanga.

"Mama kine, hii mukono iko inawaka moto toka shingo mpaka kwa kidole kikubwa. Usiku silale. Na kile kidole njo kimekufa, ata sindano ikichoma sisikie."

Picha zilionyesha diski ya shingo imetoka mahali pake. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wote: kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini, mfano wa ndizi iliyoiva ndani ya ganda lake. Ukiibonyeza sana upande mmoja, miaka na miaka, ganda linapasuka na nyama inachungulia upande wa pili. Ikigusa mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi, mkono unawaka.

"Sasa utairudisha ndani?" akaniuliza.

"Hapana. Hakuna mtu anaweza kuirudisha na mikono. Anayekuambia anaweza, umukimbie. Tutatuliza shingo, mwili utafanya kazi yake polepole."

"Na nini?"

"Na mazoezi. Na kupumua."

Akanitazama kama niliyemuuzia kitambaa kilichotoboka. "Mama, miye napumua toka siku mama yangu alinizaa. Sijakuya hapa kwa ile."

Na siku ile ya kwanza nilimwaibisha Donasiani. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha ninajua. Nikamlaza Kavira, nikamwambia: "Vuta hewa! Vuta sana! Tena!" Akavuta kama mtu anayetaka kupuliza tarumbeta. Baada ya dakika mbili kichwa kikazunguka, midomo ikafa ganzi, vidole vya mikono yote miwili vikaanza kutambaa sisimizi.

"Yesu!" akapiga kelele. "Ile diski imeruka mukono ya pili!"

Donasiani aliingia mbio, akamwangalia, akaniangalia mimi. Akamwambia Kavira afunge mdomo, apumue kidogo kidogo kwa pua. Sisimizi wakaondoka. Kisha akanivuta pembeni.

"Umemujaza hewa kama mupira wa baiskeli. Nani alikuambia kupumua vizuri ni kupumua mingi?"

Basi shikeni hilo. Mlaze mtu chali, magoti yakunjwe, chini ya shingo weka kitenge kilichokunjwa, si mto mrefu. Mwekee kitu chepesi juu ya tumbo. Donasiani alitumia paketi ya chumvi. Hewa iingie kwa pua, kidogo, taratibu, chumvi inyanyuke, kifua kitulie. Kisha hewa itoke kwa mdomo, ndefu kuliko ilivyoingia, kama mama anayepoza uji wa mtoto. Katika kule kutoa ndiko shingo inalegea. Akishaweza hivyo, ndipo uongeze kazi ya shingo: anapotoa hewa, arudishe kidevu nyuma kidogo, kama mtu aliyesogezewa samaki aliyeoza. Kidogo tu. Halafu mabega yashuke na kukutana nyuma. Maumivu yakikimbilia chini mkononi, acha. Yakirudi juu kuelekea shingoni, mko njia nzuri, hata kama shingo yenyewe inalalamika.

Kavira alifanya. Alilalamika kila siku, lakini alifanya. Nilimwambia ainue meza ya mashine kwa matofali mawili ili asiinamie kazi, na kila akimaliza mshono mmoja mrefu asimamishe mguu, atoe hewa mara tatu. Majirani walimwuliza kama ana pumu. Baada ya wiki sita alilala usiku mzima. Kidole kikaanza kusikia sindano, naye akafurahi kuchomwa.

Alisimama kwenye korido akawatangazia watu wa benchi: "Huyu mama alinifundisha kupumua! Mi nilikuwa mujinga, sikujua kupumua!"

Watu wakaanza kuniulizia kwa jina. Na mimi, niwe mkweli, ile sifa ilinilevya. Kila shingo iliyoingia nikaitazama kama shingo ya Kavira. Kila mtu, chumvi tumboni.

Alirudi msimu wa mvua uliofuata. Hakuja analia. Alisema shingo inauma kidogo tu, mkono hauwaki tena kama zamani. "Ila mikono imekuwa mijinga, yaya." Alikuwa ameshaanza kuniita yaya, dada mkubwa. "Kuingiza uzi kwa sindano, nashindwa. Vifungo vya bluzi, mutoto wa jirani njo ananifungia. Na juzi nilianguka kwa mufereji, sijui miguu ilikuwa nafikiri nini."

Someni tena maneno yake. Kila kitu kilikuwamo. Mtu wa diski ya shingo anayekuambia vifungo vinamshinda na miguu inamponyoka, hata kama hana maumivu, hasa kama hana maumivu, huyo si wa chumvi tumboni. Lakini benchi lilikuwa limejaa, mimi nilisikia "shingo inauma kidogo tu", nikafurahi. Nikamlaza. Nikamwambia pumua.

Alikuja mara tatu namna hiyo. Kila mara nilimkuta ameshaketi, kila mara aliondoka nikiwa nimeshageukia mwingine. Sikumwona akitembea hata hatua moja.

Mara ya tatu, Donasiani ndiye aliyemwona, akitoka kwenye korido, mkono mmoja umeshika ukuta. Akamsimamisha. Kisha akaniita.

"Ulimutembeza huyu?"

"Hapana, Muzee."

"Mama Kavira, fuata huu mustari wa simenti. Kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole."

Hatua mbili, akayumba. Ya tatu, tukamdaka. Donasiani akamketisha, akashika wayo wa mguu wake, akausukuma juu ghafla. Mguu ukaanza kudunda wenyewe, tatata, tatata, kama sindano ya mashine yake, na Kavira akiutazama.

"Kwa nini unacheza peke yake?" akauliza. "Yaya, kwa nini unacheza?"

 Donasiani alimjibu kwa upole kwamba diski haigusi tena mshipa wa mkono tu, sasa imebana ule uzi mkubwa unaopita katikati ya mifupa na kubeba amri za mwili wote. Kisha akanigeukia, sauti ileile ya chini: "Hii si ya pumzi tena. Hii ni ya kisu. Na haraka."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala usingizi.

Wakati huo hapa Bunia hatukumpata daktari wa kupasua shingo. Paluku alitafuta jeep ya kumfikisha mpakani mwa Uganda kwa njia ya Mahagi. Upande wa pili gari la wagonjwa lingemngoja. Barabara mnaijua. Daktari wa hospitali yetu aliuliza ni nani atakayemshika kichwa njiani. Nikasema mimi. 

Tulilaza viti vya nyuma, tukatandika godoro la sponji. Minerve shingoni, mifuko miwili midogo ya mchele pande zote za kichwa, na mimi nimechuchumaa nyuma yake, viganja vyangu masikioni mwake. Paluku aliketi mbele, pamoja na dereva mmoja anayeitwa Diedone. Nilimwomba Diedone aseme "shimo" kila anapoliona. Maana mtu akiogopa anakaza tumbo na kuzuia pumzi, na pumzi iliyozuiwa inasukuma ndani ya ule mfereji wa mgongo uliokwisha kubanwa. Nikamwambia Kavira: akisema shimo, weye toa hewa, ndefu, kama uji.

"Shimo!" Fuuu.

"Shimo!" Fuuu.

Kwa saa ya kwanza hakunitazama. Macho yalikuwa kwenye paa la jeep. Lakini pumzi yake ilinisikiliza. Tulitoa hewa pamoja, mimi juu, yeye chini, mpaka sikujua tena nani anamfuata nani. Baadaye nikasikia Diedone naye anapuliza usukani.

"Mama kine," akasema, "ata miye mugongo yangu inaanza kupona."

Kavira akacheka, nikamkaza kichwa kwa hofu. "Usimuchekeshe!"

Mbele kidogo tukakuta kizuizi. Mti umelazwa barabarani, vijana wenye silaha. Sikuuliza ni wa nani. Nyinyi mmezaliwa hapa, mnajua kwamba swali hilo halisaidii safari. Mmoja akafungua mlango wa nyuma.

"Wote chini!"

Paluku na Diedone wakashuka. Nilihisi mishipa ya shingo ya Kavira ikisimama chini ya vidole vyangu, mabega yakipanda kuelekea masikioni. Pumzi imekwenda juu, kule inakokaa siku zote. Nikamnong'oneza: uji, dada, uji.

"Weye mama, hausikie?"

"Nasikia, mutoto yangu," nikamwambia. "Ila nikiachilia hii kichwa, miguu ya huyu mama itaisha hapa hapa, na weye njo utamubeba mpaka Mahagi."

Akainama kuchungulia. Alimwona Kavira, ile kola, ile mifuko ya mchele, na tumbo linalopanda na kushuka polepole.  Nilitoa hewa, Kavira akatoa hewa. Mwishowe kijana akauliza, si kwa sauti ya kwanza:

"Iko nafanya nini?"

"Iko napumua," nikasema. "Njo dawa yake ya leo."

Akafunga mlango pole pole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Mti ukainuliwa.

Tulifika mpakani mchana umekwenda. Waliompokea walimhamisha vizuri, watu wanne, kwa hesabu ya pamoja. Nilipoondoa mikono yangu vidole vilikataa kunyooka. Nikamwambia Kavira aende na Mungu. Alisema "aksanti" kwa Diedone. Kwangu aligeuza macho, na gari likaondoka. Nilirudi Bunia nimekaa kwenye lile godoro, kila shimo likinirusha, wala sikupuliza.

Alikaa kule miezi mitatu. Aliporudi, alikuja na fimbo, kovu fupi mbele ya shingo. Miguu ilikuwa imerudi kiasi cha kutembea mwenyewe. Mikono, nusu, wa kushoto ulibaki mzito. Madaktari walimwambia kwamba kama angefika mapema zaidi labda angepata zaidi, na labda hapana. Ile "labda" nimeishi nayo.

Hakuketi kwenye benchi. Aliingia moja kwa moja, akasimama mbele yangu.

"Yaya, iko neno moja nataka kukuuliza. Zile mara tatu nilikuya hapa, nikakuambia vifungo, nikakuambia nilianguka. Ulinisikia?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nililitengeneza miezi mitatu: benchi limejaa, maumivu yamepungua, ugonjwa wenyewe unadanganya. Yote ni kweli. Jibu lile nikaliacha.

"Sikukusikia," nikasema. "Masikio yalisikia, mi sikukusikia. Na sikukutembeza. Makosa ni yangu."

  Akaegemeza fimbo ukutani.

"Njo ile tu nilikuwa nataka," akasema. "Kule lopitali kila mutu alinipa maelezo." Akaketi juu ya kitanda, akaanza kuvua viatu kwa shida, vidole vikihangaika na kamba. Sikumsaidia, kwa sababu vidole vile vilihitaji kazi. "Sasa nifundishe tena kupumua. Hii kovu inanivuta, naogopa ata kumeza."

Tukaanza upya. Mwaka mzima, karibu. Kwanza nilimtembeza, kila alipokuja, kutoka mlangoni mpaka dirishani, nikitazama miguu kabla ya kuuliza habari. Na wote waliomfuata niliwatembeza vilevile, hata walioniona mwendawazimu. Nawaomba nanyi mfanye hivyo. Siku hizi mna simu zinazowaonyesha mazoezi ya kila aina, na ni mazuri, bora kuliko mchanga wetu. Lakini simu haitasimama kwenye korido kumwona mtu anayeshika ukuta. Mwambieni afungue kifungo na kukifunga. Mwulizeni kama mkojo unamponyoka, hata kama mnaona haya. Kisha, kama miguu ni mizima na mikono ina akili, mlazeni, mfundisheni kupumua taratibu, na msijisifu.

Mwisho wa mwaka ule Kavira aliniletea kitu ndani ya mfuko wa plastiki. Bluzi nyeupe ya kazi. Aliishona mwenyewe, mkono mzito ukishika kitambaa na wa kulia ukiongoza, miguu ikikanyaga mashine iliyokuwa imemshinda. Jina langu juu ya mfuko wa kifuani, kwa uzi wa kijani, herufi zimelala kidogo upande mmoja.

Nikaivaa mbele yake. Mkono wa kushoto wa bluzi ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, karibu vidole viwili. Yeye aliyewahi kumpima mtu kwa macho, aliliona kabla yangu. Akasimama akingoja nitasema nini.

"Iko sawa?" akauliza.

"Haiko sawa," nikamwambia. "Mukono moja ni mrefu."

Akatabasamu, mara ya kwanza toka Mahagi. "Basi leo umenisikia."

Alitaka airudishe akaifupishe, nikakataa. Niliivaa miaka tisa, mpaka siku ya mwisho ya kazi, na kila asubuhi niliukunja ule mkono wa kushoto mara mbili kabla ya kwenda kwenye korido kuwaita watu watembee.